Jiwe Nje ya Ua wa Tumbaku

Juzi binti yangu alitoka bafuni tukiwa tunatazama taarifa ya habari, akasimama mlangoni mwa sebule, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza soda, "Baba, nimeanza hedhi. Utaninunulia pedi hapo dukani?" Mume wangu akatafuta viatu vyake chini ya kochi. "Za mabawa ama za kawaida?" "Za mabawa." Mlango ukafungwa, mtoto akaketi, taarifa ikaendelea na bei ya mafuta.

Nilicheka nao, rafiki yangu, kisha nikatoka nje barazani, maana pua yangu ilikuwa imejaa harufu ya tumbaku mbichi. Hakuna anayevuta tumbaku nyumbani kwangu, wala anayeilima mtaani kwetu. Harufu hiyo ilitoka mbali, katika miaka ya tisini, nyuma ya nyumba ya nyanya yangu, kwenye vilima vilivyo kati ya mji wa Migori na Kehancha. Vuta kiti nikusimulie. Sitakudanganya kwamba yalikuwa maisha matamu. Kulikuwa na utamu ndani yake, ndiyo, lakini ilibidi uuchambue kama unavyochambua mawe kwenye maharagwe.

Wakati ule kila mtu kwetu alilima tumbaku ya kampuni ya sigara. Baba alikuwa nayo kule bondeni, mistari imenyooka, na tanuri la matofali la kuikaushia ambalo lilimeza miti yote ya kilima. Tumbaku hiyo ilikuwa ya kuuza tu. Ilipakiwa kwenye lori ikaenda zake, baba akabaki kuuguza mgongo. Nyanya aliidharau waziwazi. "Hiyo ni sukuma wiki ya Wazungu," alisema, na akitaka kutema mate alitemea upande wa bonde.

Yake ilikuwa nyingine kabisa. Aliipanda mahali palipokuwa zizi la ng'ombe zamani, udongo mweusi ulioshiba samadi, akauzungushia ua wa minyaa, ule mti ambao maziwa yake yakikuingia jichoni utalia mpaka jioni. Ua ulikuwa na pengo moja tu la kupitia. Ndani mlikuwa na tumbaku za aina mbili, na zote mbili mbegu yake aliletewa na mama yake alipoolewa. Moja aliiita Ulimi wa Ng'ombe, kwa sababu jani lake lilikuwa refu na lenye vinyweleo. Maua yake yalikuwa ya waridi, na ndiyo iliyosokotwa ikavutwa. Nyingine ilikuwa fupi, jani la duara, nene, maua ya manjano yenye ukijani. Hii aliiita Mjane, maana haikutaka kupandwa karibu na chochote. Mjane ndiyo iliyosagwa ikawa ugoro, na ukali wake ungemtoa chozi bubu. Mbegu zilikaa ndani ya kibuyu kidogo juu ya moto, laini kama vumbi la mgongo wa nondo. Ili kuzimwaga ulizichanganya na majivu kwanza, la sivyo ungeweka miche elfu mahali pa mche mmoja. Kila mwaka vichwa vya kwanza kukomaa vilivunjwa vikaingia kibuyuni. Nyanya alisema mbegu hiyo haijawahi kukosa udongo tangu mama ya mama yake, na hilo namwamini.

Sisi watoto tulikuwa wa kutoa viwavi. Asubuhi, kabla ya uji wa wimbi uliotiwa ukwaju, tulipita mstari kwa mstari tukigeuza majani, kila mmoja na kopo lake la maji ya majivu. Utomvu wa tumbaku ulinata mikononi ukawa mweusi, na hata ukioga kwa mchanga bado ugali wa mchana ulikuwa mchungu. Omena, dagaa wetu wa ziwani, nao walikuwa wachungu. Ukijilamba kidole kwa kusahau, ulimi wote ulikufa ganzi. Kama nilivyokuambia, kulikuwa na utamu: umande kwenye majani, sauti ya kanga kule kichakani, ndugu zangu wakishindana kuhesabu viwavi na kudanganyana. Kisha nyanya alipita nyuma yetu kukagua. Akipata kiwavi ulichoacha alikuita kwa upole sana, akakuwekea mkononi, akasema, "Kikate kwa meno." Ulikata kichwa chake kwa meno yako mwenyewe, naye akasimama kuhakikisha. Kaka yangu mkubwa leo ni mtu mzima mwenye kitambi, na hawezi kula zabibu.

Namkumbuka nyanya ameketi kwenye kigoda, sigara ya jani lake mwenyewe mdomoni, upande wenye moto ukiwa ndani. Ndivyo wanawake wa rika lake walivyovuta, moto ukiwa ndani ya kinywa na majivu wakiyatema pembeni. Wageni walishangaa. Mimi nilidhani ndiyo sababu maneno yake yalitoka yameungua. Nyumbani tuliongea Kijaluo. Kiswahili kilikuwa cha sokoni, cha polisi na cha wateja wake Wakuria. Maneno ya nyumbani nakupa kwa Kiswahili, na ukali wake haujapungua sana njiani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Nyanya alikuwa na sheria moja ya bustani ile: mwanamke aliye katika siku zake haingii. Majirani wengine walikuwa na mwiko kama huo kwa karanga au kwa malenge, wakiufuata leo na kuusahau kesho. Nyanya aliukaza kwa tumbaku hadi ukawa katiba. Damu, alisema, inavunja jani: litatoka madoa, litakauka bila harufu, na atakayelinusa ataota maiti. Ila kazi haikusimama. Aliye katika siku zake alikaa nje, karibu na lile pengo, juu ya jiwe bapa, akiwa na sindano ya gunia na kamba ya katani. Wenzake walimpitishia majani, naye akayatunga. Na njia ya kisimani ilipita hapo hapo. Mchungaji wa kanisa alipita, mwalimu alipita, vijana waliokuwa wakichunga walipita, na kila mmoja aliona nani amekalia jiwe, akajua alichojua.

Mwenye mimba, kwa upande wake, alikaribishwa ndani kama askofu. Tumbo lililojaa linanenepesha jani. Hiyo pia ilikuwa imani yake. Kwa hiyo bustani ile ilikuwa jicho la nyanya ndani ya matumbo ya wake za wanawe. Hakuhitaji kuuliza mtu. Alitazama tu jiwe.

Mama yangu alilikalia bila aibu. Alikuwa na watoto tele, na siku za jiwe kwake zilikuwa siku za kupumzisha mgongo. Alinyoosha miguu, akatunga majani, akawasalimu wapita njia. Jiwe lile halikumchoma mwenye watoto.

Aliyechomwa nalo alikuwa mke wa baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa kitindamimba wa nyanya, mwanamume mwenye meno mazuri na uvivu wa kupendeza. Alibeba abiria kwa baiskeli hadi Kehancha, na siku nyingine alirudi na pesa, siku nyingine na hadithi. Mke alimtoa Sindo, kule ziwani, na kama kawaida yetu tukamwita kwa kwao: Nyar Sindo, binti wa Sindo. Mimi nilimwita mama mdogo. Alikuja na sanduku la bati lililonuka omena hata baada ya kuanikwa, na kicheko cha mtu aliyezoea kuongea juu ya mawimbi. Alijua kupasua ngege, samaki wa kwao, kwa kidole gumba. Alijua kusuka nyavu, na alinisuka nywele zangu kwa fundo la nyavu, zikakaa mwezi mzima. Tumbaku hakuijua hata kidogo.

Wiki zake za kwanza nyanya alimtuma achume majani asubuhi, yakiwa na maji. Ukichuma tumbaku mbichi yenye umande bila kuizoea, sumu yake inapita kwenye ngozi. Kichwa kinazunguka, unatapika. Mama mdogo alitapika nyuma ya jiko, akatapika tena njiani. Nyanya alipiga vigelegele. Alichinja jogoo. Aliwaita majirani wawili waje waonje mchuzi, akasema mwanawe amefanya kazi haraka kuliko mvua. Baada ya siku chache mama mdogo akaonekana juu ya jiwe, ana sindano mkononi, macho chini.

Nyanya alisimama mbele yake. "Umenidanganya kwa matapishi," akamwambia. "Jogoo wangu umemla bure."

Kuanzia hapo hakumwacha. Kila mwezi mama mdogo alipoketi nje, nyanya alipata neno jipya. "Jiwe linakujua kuliko mume wako." "Hata omena huzaa, na hakuna aliyemlipia ng'ombe." Alimwita mtumbwi mtupu, na jina hilo likawashika watoto wa jirani, wakawa wanapita njia ya kisimani wakiigiza mtu anayepiga kasia. Mwaka ukapita hivyo, na mwingine ukaanza. Kicheko cha ziwani kikapungua, kikawa cha adabu tu.

Ndipo msimu wa mvua ndefu, siku tuliyokuwa tukihamisha miche kutoka kitaluni, nyanya alisema lile neno kubwa. Sote tulikuwepo. Mama mdogo alikuwa kwenye jiwe. Nyanya alitoka pengoni na mikono imejaa tope, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyar Sindo, mavuno yakikukuta hapo, nitamletea mwanangu mwanamke wa kuingia ndani. Wewe utarudi kwenu ukavue."

Baba mdogo alikuwa hatua chache kutoka hapo, anaziba pancha. Hakuinua kichwa. Alitumbukiza tyubu kwenye karai la maji akaendelea kutafuta viputo. Nakumbuka nilimchukia siku hiyo, na sijaona sababu ya kuacha.

Mwezi uliofuata mama mdogo hakuketi kwenye jiwe. Aliingia ndani na wengine, akapalilia. Nyanya alimtazama siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwezi mwingine ukaja, mama mdogo akaingia tena, akakata vichwa vya maua ili majani yapate nguvu, akaondoa machipukizi. Nyanya akaanza kumwekea mayai. Akampokonya mtungi njiani: "Weka chini, watoto watabeba." Baba mdogo akaanza kurudi nyumbani mapema, kifua mbele, akiwapigia kengele ya baiskeli watu ambao hawakuwa njiani.

Ukweli niliusikia jikoni. Nilikuwa nachagua maharagwe pamoja na mama na mama mdogo, nao walinisahau, kama watu wazima wanavyowasahau watoto walionyamaza. Kwetu wake za ndugu huitana nyieka.

"Nyieka," mama alisema polepole, "nimeona vitambaa vyako chini ya blanketi uliloanika kule mtoni. Utaenda na hila hii mpaka wapi?"

Mama mdogo aliendelea kuchagua. "Mpaka mavuno."

"Na baada ya mavuno?"

"Si wanawake hupoteza mimba? Yangu itatoka. Nitalia, mtanishika. Mwanamke aliyepoteza mimba hafukuzwi. Inajulikana kwamba tumbo lake linaweza."

Mama alitupa jiwe dogo nje ya mlango. "Na tumbaku? Unaingia na damu?"

"Naingia."

Mimi, rafiki yangu, niliamini mwiko ule. Tangu siku hiyo nilichunguza majani kila asubuhi nikitafuta madoa. Nilingoja bustani ioze. Na bustani, kama kwa makusudi, ikastawi kuliko mwaka wowote. Ulimi wa Ng'ombe ulinipita kimo. Mjane ilitoa majani mazito hata ukiyainua yanajikunja kwa uzito wake. Viwavi wenyewe walipungua. Nyanya alitembea humo ndani asubuhi na jioni akigusa hiki na kile, na akitoka alikuwa karibu kutabasamu.

Kulikuwa na mteja wake, mzee wa Kikuria mwenye masikio yaliyotobolewa yakaning'inia, na koti la jeshi ambalo hakulivua hata juani. Alikuja kununua ugoro wa majani ya kwanza ya msimu. Alichota kidogo, akanusa, akafumba macho. Kisha akapiga chafya iliyowatimua kuku.

"Mama," akasema, "hii tumbako ya mwaka hii ulitia nini? Hii inapanda mpaka kwa kisogo."

Nyanya alijinyoosha kwenye kigoda. Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, lakini siku hiyo alikitumia chote. "Mimi hapana tia kitu. Ni huyu bibi ya mtoto yangu. Iko na tumbo. Tumbo yake ndio inapika hii tumbako."

Mama mdogo alikuwa amejipinda katikati ya mistari. Hakuinuka mpaka mzee alipoondoka.

Mavuno makubwa yaliangukia likizo ya Agosti. Majirani walikuja kusaidiana, kazi ya zamu tunayoiita saga: leo kwako, kesho kwangu. Chungu cha mahindi na maharagwe kilikuwa kinachemka tangu alfajiri. Wanaume walikaa kivulini wakisubiri kubeba, wavulana wakijifanya wanasaidia, na ndani ya ua wanawake wakiimba. Jiwe lilikuwa tupu. Mama mdogo alikuwa ndani, leso ameifunga kwa ulegevu tumboni, anachuma kutoka chini kwenda juu kama mtu aliyezaliwa na kazi hiyo. Ilikuwa siku moja tu imebaki. Jua likizama siku hiyo, angeshinda.

Mimi nilikuwa nabeba mafungu ya majani kutoka ndani hadi nje. Nilivaa gauni la manjano nililorithi kwa binamu. Tangu asubuhi tumbo lilikuwa linanikata, nikadhani ni mahindi mabichi ya jana. Nilipoinama kuchukua fungu, nyanya akaniita kwa ile sauti yake ya upole, ya kiwavi.

"Simama hapo. Geuka."

Nikageuka. Wimbo ukakatika nyuma yangu, mdomo kwa mdomo.

"Toka," akasema. "Toka kabla hujaniharibia."

Nilitoka pengoni sijui hata nakanyaga nini. Nilitaka kukimbia nyumbani lakini alinishika mkono, akanikalisha juu ya jiwe kwa nguvu, uso wangu ukitazama njia, ukitazama wanaume kivulini na kaka zangu na wavulana wa jirani. Nikavuta gauni lifunike. Mvulana mmoja akacheka, na wengine wakamfuata kama mbwa wanavyofuatana kubweka.

Nyanya hakutosheka. Alikuwa na hadhira, na msimu wake ulikuwa mzuri. Akatia kidole kwenye mkebe wa ugoro, akanusa upande wa kulia, akanusa upande wa kushoto. "Jiwe haliwezi kukaa tupu," akatangaza. "Nyar Sindo amelihama, mjukuu wangu amelirithi. Mnaotafuta wake, mmeona? Hii imeiva. Leteni ng'ombe, na msilete wakondefu." Watu wakacheka. Hata mama yangu, kule ndani, sikumsikia akisema kitu. Nililia nikiwa nimeziba uso kwa mikono, na mikono yenyewe ilikuwa na utomvu, machozi yakachanganyika na uchungu ule, macho yakawaka moto.

Kisha nikahisi mtu anaketi kando yangu. Jiwe lilikuwa dogo. Nyonga yake ilinisukuma. Nilinusa omena, kwa mbali sana, na nikajua.

Vicheko vilikufa. Nyanya alimtazama, akatazama leso, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechanganyikiwa. Akashusha sauti. "Nyar Sindo. Imetoka?"

Alikuwa amepewa, unaona. Alikuwa amewekewa mlangoni jibu lile lile alilolipanga miezi yote. Angesema ndiyo, akalia, wakamshika, na mimi ningebaki kwenye jiwe.

"Itoke wapi, Mama?" akasema. "Haikuwahi kuingia."

Akaonyesha pengo la ua kwa kidole.

"Nimeingia hapo ndani kila mwezi na siku zangu. Nimepalilia nazo. Nimekata maua nazo. Hata leo niko nazo, kama huyu mtoto. Na tumbaku ndiyo hiyo iko kwa pua yako. Nusa tena, utuambie ina shida gani."

Akasimama, akanishika mkono ule ule ambao nyanya aliuvuta, akaniingiza ndani ya ua. Tulipita kati ya mistari taratibu, mimi na gauni langu la manjano, yeye mbele, wanawake wakitupisha kama tumebeba maji moto. Tulifika mpaka mwisho, kwenye Mjane iliyoachwa kwa mbegu. Majani yaligusa miguu yangu. Hayakukauka. Nilikuwa na aibu na nilikuwa na woga, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake wakati ule. Ilikuwa furaha, furaha mbaya, ya kumwona nyanya akipenga kamasi kwa kanga yake, tena na tena, akijaribu kuutoa ugoro uliokwishaingia.

Hakumpiga. Watu walingoja ampige. Alikwenda nyumbani, akarudi na panga na jembe, akaingia. Alianza na Ulimi wa Ng'ombe. Alikata, aking'oa mizizi kwa jembe, mwanamke wa umri ule, na yeyote aliyesogea kumsaidia au kumzuia alionyeshwa makali ya panga. Akamaliza akaenda kwa Mjane. Mashina ya mbegu, yale aliyokuwa akiyafunika kwa kitambaa dhidi ya ndege, aliyakata mwisho. Akashusha yote yaliyotungwa, yaliyoning'inia jikoni, akayaleta. Akaleta kibuyu. Vichwa vya kwanza vya msimu ule vilikuwa vimeshavunjwa ndani yake, vimechanganyika na mbegu ya mwaka jana, na nani angechagua vumbi kutoka kwa vumbi? Akakitupa juu ya rundo, akatia moto.

Mbegu zililia ndani ya moto, chwe-chwe-chwe, kama chumvi. Moshi ulitanda boma lote. Watu walikohoa, kuku wakapanda miti, ng'ombe wakavunja zizi. Na nikuambie ukweli, ilikuwa harufu nzuri kuliko zote nilizowahi kunusa maishani. Watu wazima walisimama pale machozi yakiwatoka, wanakohoa, na hawakuondoka.

Mama mdogo alifukuzwa kabla moto haujazimika. Baba mdogo aliombwa amsindikize kwa baiskeli hadi barabara kuu. Akasema tairi lina upepo kidogo. Kwa hiyo alikwenda kwa miguu, sanduku la bati kichwani, katikati ya watu waliokuwa wakingoja maharagwe aliyoyachagua. Nilimkimbilia mpaka kisimani. Nilitaka aseme neno la kunikaa maishani, kama wanavyosema watu katika hadithi. Akaweka sanduku chini, akatazama gauni langu.

"Osha na maji baridi," akasema. "Maji moto yanashika damu."

Akajitwika, akaenda. Sijamwona tena. Nimeuliza Sindo mara mbili, nikitumia jina ambalo sisi wenyewe tulimpa, na Sindo imejaa mabinti wa Sindo.

Yule mzee Mkuria alirudi msimu uliofuata akakuta mahindi. Alipoelezwa kisa, alimtazama nyanya kwa huzuni ya kweli. "Ai, mama! Si ungeniuzia mimi tu? Mimi hiyo damu hainisumbui." Nyanya akaingia ndani. Baba mdogo alioa tena, na tena, na nyumba yake haijasikia kilio cha mtoto mchanga hadi leo. Yeye hakuna aliyemkalisha kwenye jiwe.

Siku hizi pale pana mikaratusi. Ua wa minyaa ulikatwa, kampuni ilishajiondokea na lori zake, na watoto wa kaka zangu hawajui mche wa tumbaku ukiwaonyesha picha. Ulimi wa Ng'ombe na Mjane hazipo. Nimewauliza wakulima wa Kuria, nimewauliza bibi wa sokoni wenye vikapu vya ugoro. Wananionyesha majani mengine, na pua yangu inakataa. Kitu kilichopita mikono ya wanawake wengi hivyo kiliisha mchana mmoja, kabla maharagwe hayajaiva. Jambo hilo linaniuma, na sitaki kuumia kwa sababu yake.

Nyanya aliishi miaka michache zaidi. Alijaribu sigara za dukani, moto ndani ya mdomo kama zamani, akazitema. Alisema ni moshi wa karatasi. Alipolala kitandani mara ya mwisho mimi nilikuwa nyumbani kutoka shule ya bweni, na zamu ya kumlisha uji ilikuwa yangu. Alikuwa mdogo, amekauka, mpole, wa kuhurumiwa. Alisukuma kijiko pembeni.

"Ile ya mwisho," akasema. "Ile niliyoichoma. Hiyo ndiyo ilikuwa tamu kuliko zote."

Nikaweka bakuli chini. Nilimngojea. Nilidhani sasa atamtaja, atauliza yuko wapi, atasema hata lile jina la mtumbwi mtupu, mradi amtaje. Akageuza macho kuelekea jikoni.

"Huenda jani moja lilisahaulika juu ya dari," akasema. "Panda, mjukuu wangu, uniangalizie."

Nikatoka. Nikasimama juani uani kwa muda ambao mtu angetumia kupanda na kushuka, kisha nikarudi, nikamwambia hakuna kitu.